Namba Kumi na Saba

Ijumaa jioni naifua fulana ya kikundi
na kuianika kwenye kamba ya mbele.
Kamba ya nyuma ni ya nepi na matambara.
Fulana hii sharti itazame barabara ya Chavakali,
wapitao waisome, ingawa kijani chake kimechujuka
na herufi D imebanduka katika HUDUMA.
Mume wangu husimama mlangoni akaisoma kwa sauti:
“Kikundi cha Huuma! Huuma wapi?”
Mgongo, namjibu. Huuma mgongo, hadi Jumatatu.

Tu ishirini na mmoja.
Jumamosi ya pili ya kila mwezi twashuka bondeni,
majembe begani, makarai kichwani,
na simiti tuliyoichangia hamsini hamsini,
tukafukue chemchemi iliyozibwa na tope,
tukang'oe miche ya mikaratusi, wanywaji wasioshiba.
Fundi Asava hulainisha plasta kwa kiganja
kama anayempaka mtoto mchanga mafuta,
na ole wako ukikanyaga kabla haijakauka.

Mama Kageha ndiye mwenye rejista,
daftari nene lililofungwa kwa kipande cha tyubu.
Saa mbili ni saa mbili. Dakika moja zaidi, faini shilingi kumi.
Mwalimu mkuu amelipa.
Pasta amelipa, akadai risiti, akaandikiwa.

Mimi sikuja kwa wito wowote.
Mwaka tuliomzika mama, mvua ilinyesha siku nne.
Alfajiri ya mazishi niliwaona watu chini ya magunia ya nailoni
wakichimba mfereji ili maji yasiingie kwenye turubai.
Walipandisha mitungi sitini kutoka mtoni,
wakasugua sufuria zote, hata zile za kuazima.
Hawakuomba kipaza sauti.
Picha zilipopigwa hawakuwamo.
Walisahau koleo moja kando ya migomba,
na mpinini, kwa rangi nyeupe, MALI YA KIKUNDI.
Jumamosi nikaenda kulirudisha.
Ni miaka kumi na mmoja sasa, ningali nimelishika.

“Mnalipwa ngapi?” huniuliza shemeji yangu kila Krismasi.
Hatulipwi, nasema. Naye hukaza jicho:
“Basi kuna kitu mnakula kwa siri.”
Kipo, shemeji, nami sina namna ya kukufungia kwenye karatasi.
Ni bomba jipya linapokohoa mara ya kwanza,
likatema tope, likanyamaza tukadhani tumeshindwa,
likakohoa tena,
na yule Mideva wa darasa la pili, asiyesubiri ruhusa,
akasukuma kidumu chake mbele ya wazee wote.
Miguu yangu wakati huo imekufa ganzi kwa baridi
na sitaki kuitoa majini.

Mwaka wa kura alikuja bwana mmoja na fulana mpya arobaini,
uso wake kifuani, meno yote nje.
Mama Kageha alishukuru kwa adabu, akazihesabu mara mbili,
akafungua rejista na kuandika:
Matambara, arobaini.
Asava bado anafutia mwiko tabasamu lile.

Kuna namba isiyopewa mtu. Tisa, ya mzee Logovane,
aliyetuonyesha mahali maji yanapolala chini ya mwamba
kwa kunusa udongo tu, akicheka tulipomwiga.
Mama Kageha huiita kama nyingine zote. Tisa.
Twasubiri muda wa kikombe kujaa.
Kisha, kumi.

Nami nasimama pale, koleo mkononi, fulana ikiwa bado na unyevu
kwa sababu jua la jana lilikuwa bahili,
nikihesabu moyoni kama mtoto anayengoja zamu ya kuimba.
Kumi na tano. Kumi na sita.
Kumi na saba?
“Nipo!”
Hata ng'ombe wa ng'ambo ya kijito wanageuka.