Herufi Mbili

Mara ya nne skrini ikageuka nyeusi,
maandishi ya pembeni yakanishitaki mbele ya mteja:
nakala hii si halali.
Mteja alikuwa mjane wa Kirenga,
anangoja ratiba ya mazishi, nakala mia mbili.
Akasoma, akanitazama.
Mimi nikaitazama kibodi.

Msuya, fundi wa kuvunja kufuli, alikuwa Mwanga, simu hapatikani.
Elfu kumi na tano kila akija,
na kila akija huniachia virusi.

Ndipo Ndeshi akaingia, binti wa jirani muuza mashuka ya mtumba,
flashi shingoni kama rozari.
"Mama Aika, tuanze upya?"
"Bei gani?"
"Hakuna."
Nikacheka. Kiboriloni hapa, siku ya soko,
hata kivuli kina ushuru.
"Cha bure kina mwenyewe," nikamwambia.
"Sijasema bure. Nimesema huru."

Nisiseme uongo: wiki ya kwanza nililia.
Nilitafuta vitufe pale vilipokuwa zamani,
kama aliyehama nyumba akapapasa swichi
kwenye ukuta usio wake.
Printa iligoma siku tatu.
Ndeshi akaniachia amri moja kwenye kipande cha daftari,
nikaikosea mara sita,
ya saba printa ikakohoa
ikatoa ukurasa mtupu.
Nikaubandika ukutani. Upo mpaka leo.

"Nani kaitengeneza hii?"
"Watu."
"Watu gani?"
"Wengi. Ngoja nikuonyeshe matumbo yake."
Akafungua: mistari, mistari,
majina, tarehe,
na mtu fulani, saa nane za usiku kwao,
ameandika tu: nimeziba tundu.

Nikamkumbuka baba, Kibosho,
jembe begani alfajiri ya Jumamosi,
zamu ya kuzibua mfongo.
Mfongo haukuwa wa mtu.
Waliuchimba waliokwisha kufa,
ukapita kihamba cha mwenye ng'ombe
na cha asiye hata na kuku.
Asiyekuja alitozwa debe la mbege,
au maji yakampita.

Huu wa Ndeshi haumpiti mtu.
Hata Msuya angekunywa.
Hilo ndilo lililonitia aibu:
nakunywa kila siku, na jembe langu kavu.

Lakini mimi programu sijui. Najua kuchapa.
Miaka kumi na tisa nachapa barua za watu za kuomba kazi,
jicho langu halilali penye kosa.
Na kosa nililiona, kwenye menyu, kwa Kiswahili chetu:
Hifahdi.

Tukaandika mimi na Ndeshi, mistari miwili,
kosa na sahihisho lake.
Chini nikaweka jina langu lote, Eliaichi Mamuya,
kama mtu anayesaini hati ya shamba.
Kimya.
Masika yakaja, yakaondoka.

Juzi mjane wa Kirenga alirudi,
safari hii ni ibada ya kumbukumbu, nakala themanini.
Nilikuwa nimesasisha usiku.
Nikachapa jina la marehemu, nikafungua menyu:
Hifadhi.

Nikabonyeza polepole.
Akaniuliza nacheka nini, na msiba ni wake.
Nikamwomba radhi.
Nikamwambia ni herufi tu, Mama,
herufi mbili
zimerudi mahali pake.