Sekunde Nne

Pikapu ya Waino ni ya mwaka themanini na nne,
silinda sita kwenye mstari mmoja
kama Walutheri wa benchi la nyuma,
na kila alfajiri, saa kumi na moja na robo,
hata theluji ya Toivola ikifika dirishani,
huitia ufunguo
nayo hunivunjia sahani kichwani.

Ka-ka-ka-ka-ka.
Sekunde nne. Nimezihesabu
miguu ikiwa bado blanketini:
vyuma vikavu vinagombana
kama kijiko ndani ya kopo tupu,
kisha oili inafika, inaamua ugomvi,
na injini inanguruma kwa adabu, hadi barabara kuu.

Waino hasikii.
Miaka ishirini na sita ya kiwanda cha mbao:
msumeno ulimlipa mshahara kwa mkono wa kulia,
kwa wa kushoto ukamdai masikio.
Nikamwambia, gari linalia.
Akasema, gari ni zee, Hilja,
hata magoti yako yanalia.
Nikamwambia, magoti yangu
hayakununuliwa dola mbili na senti tisini
kwenye kapu la punguzo, kama filta yako.
Sikio halipiti kichwa, akajibu,
akacheka peke yake.

Nikaenda Hancock, kwa Delphine Charbonneau,
muuza vipuri, kucha zake nyeusi tangu usichana.
Hakunihubiria. Alichukua msumeno wa chuma,
akazipasua filta mbili juu ya kaunta
kama mtu anayepasua samaki kutafuta mayai.
Tazama, akasema.
Kwenye injini yenu filta imelala ubavu.
Usiku oili inataka kurudi chini, sampuni,
na kinachoizuia ni kipande hiki cha mpira tu.
Wa rahisi ulikuwa umekauka, ganda la chungwa la juzi.
Wa pili, silikoni,
ulikuwa laini kama ulimi wa ndama.
Asubuhi pampu inajaza kwanza filta tupu, akasema,
huku tapeti zinasubiri juu, midomo mikavu.
Ndizo sekunde zako nne.

Kisha, kwa kuwa ni mtu mkweli:
Haitafufua tapeti iliyokwisha lika.

Nililipa kwa pesa za soksi nilizofuma.

Jumamosi, Waino akiwa sauna
akijichapa kwa matawi ya mbetula na kuimba kwa sauti ambayo haisikii,
nililala chali juu ya boksi la friji, chini ya pikapu.
Filta ya zamani ilinitemea oili hadi kiwiko.
Mpya niliipaka oili ukingoni kwa kidole,
kama ninavyopaka siagi bati la mkate,
nikaikaza kwa mkono, robo tatu ya mzunguko, basi,
nikafidia oili iliyomwagika,
nikafutia mikono fulana yake bora.
Haki ni haki.

Jumatatu.
Saa kumi na moja na robo.
Nikangoja.
Hakuna kitu.

Hakuna, na hakuna tena,
na moyo wangu ndio ukaanza, ka-ka-ka-ka,
nikamwona amelala kifudifudi kwenye theluji,
ufunguo mkononi,
nikakimbia dirishani bila soksi, mimi mfuma soksi,
kumbe taa zake nyekundu zinashuka kilimani
na moshi mweupe unazifuata bila neno.

Jioni alivua glavu mezani
akavitazama viganja vyake kwa muda.
Leo usukani haukunitekenya nilipowasha, akasema.
Umefanya nini?
Nikammiminia kahawa.
Sikio, nikamwambia kwa kuchezesha midomo tu,
halipiti kichwa.

Sasa naamka saa ileile kusikiliza kitu kisichokuwepo.
Wasemao sikio halilali njaa
hawajui jinsi linavyoshiba kimya.
Ingawa, nikitega vizuri,
tapeti moja bado inagonga,
polepole, kama Waino anavyobisha mlango wa chumba
akiwa na kosa la kukiri.
Hiyo moja nimeiacha.