Mkebe wa Misumari

Tupa kwanza. Kabla ya chai, kabla ya salamu,
nanoa meno ya mnyororo moja moja,
thelathini na sita, kama mtu ahesabuye deni.
Petroli lita mbili. Oili chafu ya gereji.
Kamba ya meli, niliuziwa Kilindini
na baharia asiyetaka maswali.
Mwachiro yuko chini, ameshika ncha yake
na simu kwa mkono wa pili.

Leo ni Tudor, mkungu wa Bi Shamsa.
Mizizi imempasulia birika.
Nafunga mshipi, napanda.
Kunguru wanitukana kwa zamu.
Tawi la kwanza lashuka kwa adabu,
la pili nalo.
La tatu, msumeno wabadili sauti,
cheche,
kimya.

Msumari wa inchi sita, ndani kabisa,
uliopigwa kabla sijazaliwa.
Mti haukuutema.
Uliuzungushia nyama yake, ukaendelea kutoa kivuli.

"Msumari si wangu," asema Bi Shamsa.
"Mnyororo ni wangu," nasema.
Akaniletea maji ya ndimu, barafu tele.
Shilingi hakuongeza.

Nyumbani nina mkebe wa maziwa ya unga.
Ndani, ndoana ya kamba ya nguo, Ganjoni;
bawaba ya lango ambalo halipo tena, Kizingo;
kipande cha kibao cha mganga,
herufi mbili bado zasomeka.
Natia na huu wa leo, walia kidogo.
Mke wangu auliza lini nitaviuza kwa kilo.
Namwambia kesho.
Huu ni mwaka wa tisa.