Bega la Kushoto

Diski mbili, terabaiti nne kila moja,
nilizinunua Luthuli kwa bei ya kubishana,
nikazipandisha ngazi hadi orofa ya nne, Kahawa Wendani,
nimezikumbatia kama trei ya mayai.

Nikaziweka juu ya kabati la vyombo,
mbali na sinki, mbali na mikono ya wageni.
Kebo ya buluu ikatambaa ukutani hadi kwenye ruta.
Taa ikawa nyekundu, ikawa ya machungwa,
ikafikiri sana,
kisha kijani.

Usiku tisa nilikesha nikinasa kurasa:
madaftari kumi na saba ya baba, fundi Okemwa
wa kibanda cha pili kutoka chooni, soko la Kawangware.
Shingo, bega, kifua, kiuno, mkono, paja.
Miaka thelathini na mmoja ya watu
waliosimama wima, mikono kando,
kana kwamba wanapekuliwa na polisi.
Mawili panya walikuwa wameshayaonja.
Baba, macho yamefifia, alinusa karatasi akasema:
"Hili ni la mwaka wa mvua nyingi."

Kazi ikaniita Lodwar, kuchimba visima.
Nikafunga nyumba, nikafungua mlango mwingine,
ule usio na bawaba wala komeo,
una nambari tu, na nywila ya herufi ishirini
ambayo sikumwambia hata mume wangu.
Wiki ya kwanza nilibisha nikamkosa mwenyeji:
kampuni ya mtandao hubadilisha anwani yetu
kama mpangaji anayekimbia kodi.
Nikaipa nyumba jina.
Sasa ikihama, jina linaifuata.

Basi baba hupiga simu, cherehani ikinguruma nyuma:
"Mama Nyaboke, yule wa kona. Kiuno."
Nami ndani ya hema, mchanga kwenye kibodi,
naingia Wendani bila kuvua viatu,
natafuta, naona, namwambia: arobaini na mbili.
"Ongeza mbili," asema. "Amefungua hoteli."

Jumanne moja nilibisha, kimya.
Nikabisha tena.
Nikailaumu ruta, nikailaumu diski, nikailaumu mbingu,
hadi Nzioka, mwangalizi wa ploti, akaniambia:
"Dada, kwako giza. Tokeni zimeisha."
Nikalipa nikiwa nimesimama juu ya jiwe,
jiwe pekee lenye mtandao,
nikamsomea tarakimu ishirini, nne nne,
naye akazibonyeza kwenye mita akizirudia kama dua.
"Imekubali. Kitu chako juu ya kabati
nakiona dirishani, kinapepesa."

Baba alikuwa angali anangoja.
Mbele ya kibanda chake walisimama wana watatu wa Ombasa,
aliyekuwa karani wa reli. Walitaka suti kufikia Ijumaa.
Mmoja alitandaza mikono hewani, hivi,
mwingine akasema hapana, alikuwa mpana zaidi,
wa tatu akatazama chini.
Na fundi hapeleki futi mochari.

Daftari la sita, ukurasa wa themanini.
Kifua arobaini.
Nikasikia chaki ikisimama.
"Toa tatu," akasema baba. "Ugonjwa ulimla."
Kiuno thelathini na sita.
"Toa nne."
Mkono ishirini na nne.
"Mkono uache. Mkono haukondi urefu."

Pembeni, kwa wino wa kijani,
mwandiko wake wa enzi za macho:
bega la kushoto limeshuka, nusu inchi.
Weka pamba. Usimwambie.

Nikamsomea.
Akanyamaza, nikadhani laini imekatika,
nikatazama jiwe, nikatazama simu.
Kisha nikamsikia akimwagiza mwanagenzi wake
alete pamba.