Kijana Aliyelamba Jiwe

Alifika Bangwe saa nne, jua limeshatukalia mgongoni,
ana nyundo ndogo kuliko yangu, mpini wa buluu,
akaomba jiwe moja katika rundo.
Nikamwambia rundo ni la Ruhaga, kalipia nusu,
chukua hilo la pembeni.
Akalipuliza vumbi, akaligeuza juani,
kisha, naapa, akalilamba.
Nyabuhoza alicheka hadi akaangusha
kipande cha tairi anachoshikia mawe.
Chumvi iko Uvinza, nikamwambia. Umepotea.

Akakaa juu ya ndoo yangu bila kukaribishwa,
akafungua daftari lenye ngazi ya rangi rangi:
eoni imebeba enzi, enzi imebeba vipindi,
kama pipa na ndoo, ndoo na kopo.
Akasoma: Kambri, Devoni, Permi, Jura.
Hao ni wafalme?
Hapana mama, ni mahali.
Walikopasua jiwe wakatazama ndani,
ndiko walikochukua jina.
Nikatazama vidole vyangu.
Hapa napasua mwaka wa kumi na tisa.

Na mipaka, nani aliipima?
Akakuna shingo. Akasema,
mara nyingi penye vifo ndipo wanapochora mstari.
Viumbe vinakwisha, tabaka linanyamaza,
juu yake wanaanza wengine, na jina jingine.

Hapo nilimwelewa kuliko alivyodhani.
Nyumbani hatukuhesabu kwa tarakimu:
kuna mwaka wa mihogo michungu,
mwaka ziwa lilipopanda likala vibanda vya Kibirizi,
halafu kuna Kabla ya Bukuru, na Baada ya Bukuru.
Mstari wenyewe mwembamba, wa Jumanne moja,
mpita njia angeuruka asiuone.
Chini yake nalima karanga, nina sauti kubwa.
Juu yake nashika nyundo.

Na hili? nikamuuliza, hili liko ngazi ipi?
Akashuka kwa kidole, akashuka,
akaipita Jura, akaipita Kambri,
akafika penye rangi isiyo na picha ya mnyama.
Lilikuwa mchanga, akasema, kando ya maji
yasiyojua samaki. Hakuna jani. Hakuna jicho
la kuyaona mawimbi yakija.
Ziwa lako hili kwake ni mtoto wa juzi.
Ukilipasua hutakuta hata mfupa.

Nikaliweka juu ya fuawe, sikulipiga.
Jiwe ambalo halijawahi kufiwa.
Mia tano kwa ndoo.

Alilipa ndoo nzima, akabeba jiwe moja,
akateremka kuelekea barabarani akiandika huku anajikwaa.
Lori la Ruhaga lilikuja saa kumi,
likazoa lile rundo la kabla ya macho
likapeleka kwenye msingi wa choo cha shule.

Nilipogeuka nilimkuta Nyabuhoza
amenipa mgongo, mkono mdomoni.
Lina ladha gani?
Akafuta ulimi kwa khanga.
Ya nyundo, akasema. Ya nyundo tu.