Kilo Tisini na Nne

Mimi ni karani wa mizani, barabara ya Likasi.
Malori ya shaba yanapanda, nasoma namba, yanashuka.
Madereva wa kutoka Dar wakiona beji yangu,
MUJINGA, wanacheka mpaka usukani unatikisika.
Nawaambia: kwetu ni jina la mtoto
aliyezaliwa kitovu kimemzinga shingo.
Alianza kwa kubanwa pumzi. Haya, toa karatasi zako.

Saa moja angani ni mshahara wangu wa mwezi.
Basi nilijifunza kuruka kama mtu anunuaye sukari
kwa kijiko: Juni saa moja, Julai hakuna,
Agosti nusu, kisha mvua,
uwanja wa udongo ukawa uji mwekundu
na ndege ikafunikwa turubai kama maiti ya mgeni.
Miaka minne. Friji ilikwenda. Cherehani ilikwenda.
Mama, aliyechoma makala maisha yake yote,
aliniuliza jambo moja tu: "Ile ndeke,
ikizimika huko juu, unaegesha wapi?"

Mwalimu Mwepu hakuwa na jibu la maana.
"Tafuta shamba," alisema, akibangua karanga,
maganda yakianguka katikati ya pedali.
"Lisilo na vichuguu."
Hapa kwetu?
Shamba lisilo na kichuguu ni kama msiba usio na deni.

Alinifundisha kuusikia upepo kwa matako, si kwa masikio.
Alinipiga kofi la mkono kila nilipoukaba usukani:
"Si mbuzi huyo. Hatoroki."
Alinifundisha kuuita mnara wa Luano
kwa sauti ya mtu aliyekwisha kula.
Hesabu ya uzito peke yake hakunifundisha,
abiria, mafuta, mzigo, kitovu cha uzito.
Hiyo nilimfundisha mimi.

Asubuhi moja ya Septemba, injini ikinguruma,
alifungua mkanda wake akashuka.
"Zunguka mara tatu. Usinisahau hapa."
Akaurudisha mlango taratibu
kama wa chumba alimolala mtoto.

Nikasukuma mafuta.
Kile kichuguu nilichozoea kukipita magurudumu yangali chini
nikakipita kikiwa chini yangu,
ndege imepaa kabla sijaiambia,
kama lori lililomwaga mzigo.
Kilo tisini na nne, nikajisemea,
maana nilikuwa nimempima.
Kilo tisini na nne zimebaki uwanjani
zinakula karanga.

Nikaliona bomba la moshi, msumari
ambao hakuna aliyerudi kuumalizia.
Ule mlima mweusi wa masalio ya shaba,
babu aliumwaga beleshi kwa beleshi,
nikauziba kwa kidole gumba. Nikauachia.
Mabati ya Katuba. Kusini, nyuzi za moshi,
tanuri za makala, mojawapo ya mama,
sikujua ni ipi, nikazipungia bawa zote.
Kiti cha kulia kilikuwa kitupu.
Maganda yalikuwa yanacheza juu yake.
Hapo ndipo nilipoogopa.

Nilitua mara tatu.
Ya kwanza kama chura. Ya pili sitaki kuisema.
Ya tatu sikujua tumefika
mpaka nilipoona vumbi.

Breve ilikuja kutoka Kinshasa baada ya miezi kumi na moja,
kadi ndogo, picha imenuna.
Saa ya chakula, mizani ikiwa tupu,
niliiweka katikati ya bamba la chuma,
nikakimbilia ndani kusoma.
Sifuri.
Haisomi kitu chini ya kilo ishirini, najua,
tangazo lile ukutani niliandika mimi.
Bado nilisimama nikiitazama.
Honi. Kichwa nje ya dirisha, lafudhi ya Dar:
"Dada Mujinga, ondoa kadi yako,
nina tani arobaini."