Kadi Isiyokatwa

Apeldoorn, ukumbi wa michezo, Jumamosi ya mvua.
Meza zimepangwa hadi chini ya goli la mpira wa mikono,
na shangazi Geesje, miaka tisini na mmoja,
anasukuma kigari chake kama anayekwenda kudai deni.

Muuzaji amevaa glavu nyeupe.
Kwa kibano anainua kadi ya mgao ya wakati wa vita:
mkate, siagi, viazi, stempu zote bado zimeshikana,
rangi ya chai iliyochujwa mara ya tatu.
"Tazameni, mkasi haujaigusa.
Kadi nzima ni nadra. Zilizokatwa ziko kule kwenye boksi,
euro moja moja."

Shangazi anauliza: "Huyu hakula?"

Muuzaji anacheka kidogo, kisha anaacha.
Pengine namba hazikutangazwa gazetini,
pengine duka lilikuwa tupu, pengine mwenyewe alihama.
Kidole cha glavu kimefunika jina.

Nangoja alie. Halii.
Anavuta kiti ambacho hakukaribishwa, anaketi.
"Kadi ya kaka yangu Jurrien," anasema,
"ilikatwa mpaka stempu ya mwisho.

Alikufa Februari, tumboni ana vitunguu vya tulipu,
vile vinavyowasha koo hata ukivichemsha mara mbili.
Jeneza tuliazima. Mbao zote za mtaa
zilikwishapita jikoni, pamoja na milango ya kabati.
Sheria ilitaka kadi ya marehemu irudishwe ofisini.
Mama aliitia ndani ya soksi.
Wiki tatu alisimama foleni na jina la maiti,
na mwokaji Tiemersma, aliyembeba Jurrien begani siku ya kumzika,
alikata stempu, akapima mkate, hakuinua macho.

Nyumbani Mama alikata vipande vitatu, kama zamani.
Cha tatu alikiweka mahali pake.
Halafu akakisukuma kwangu kwa ncha ya kisu:
'Kula. Usimwangalie mtu.'
Nilikuwa na miaka tisa. Nililia huku natafuna,
na kilikuwa kitamu. Mpaka leo
nakumbuka kwamba kilikuwa kitamu."

Muuzaji amevua glavu moja.
Anatafuta neno, analopata ni bei:
kwake yeye, mia mbili badala ya mia mbili na sitini.

Shangazi ameshafika kwenye boksi.
Anapekua kwa mikono mitupu,
anasoma matundu, si karatasi.
"Huyu maziwa yamekwisha yote, alikuwa na mtoto."
Anachagua moja iliyobaki ukingo tu,
jina limefutika, doa la mafuta pembeni.
"Hii," anasema. "Hii ilifanya kazi."

Kwenye gari anaikunja mara mbili,
anaitia mfukoni penye biskuti ya mkahawani
aliyoifunga kwa karatasi asubuhi.
Vifuta-kioo vinakwenda, vinarudi.
Tumeshaingia barabara kuu
ndipo ananiuliza kama nimekula.